Diploma Bila Idhini

Kwa kadiri ninavyojua, mimi ndiye mtu pekee mjini Kamina mwenye diploma ya Kiarabu. Sizungumzii diplome d'État ya kumaliza sekondari, ile ambayo vijana wetu hujipaka poda nyeupe kichwa kizima siku matokeo yake yanapotoka na kupita mitaani wakiimba. Hiyo ninayo pia, na niliipata kwa jaribio la kwanza. Nazungumzia diploma ya miaka miwili niliyoisomea Unguja nyakati za jioni, mchana nikibeba mizigo bandarini, mpaka mwenye kampuni moja ya forodha aliponisikia nikimsahihisha karani wake na kunihamishia ofisini kutafsiri ankara za wafanyabiashara wa Muskati. Niliondoka hapa na begi la nailoni. Hakuna mjomba aliyenivusha ziwa wala mchungaji aliyeniandikia barua. Niliporudi nilikuwa na kompyuta mbili, mashine ya fotokopi na karatasi yenye muhuri wa duara, nikafungua ofisi karibu na stesheni ya reli. Diploma niliifunika kwa plastiki na kuitundika juu ya mashine, ili anayengoja fotokopi awe na kitu cha kusoma.

Ninayaeleza haya kwa sababu bila diploma hiyo mambo ya mdogo wangu yasingenifikia.

Mdogo wangu ni wa pili kuzaliwa kwetu, baada yangu. Nyumba yetu ni ya Wamethodisti tangu babu: baba alikuwa karani wa shule ya misheni, mama bado anaongoza kwaya ya akina mama. Dada huyu akaolewa na askari Mwislamu kutoka Kasongo, kule Maniema, akahamia naye ku base, kambi ya jeshi iliyo nje kidogo ya mji. Mama alikaa mwaka mzima bila kulitaja jina la mkwe wake. Kisha dada akapoteza mimba, na baada yake nyingine, zote mbili katika mwezi wa nane wa ujauzito. Mara ya pili mama alienda mwenyewe ku base na sufuria ya bukari, ugali wetu, akamlisha kwa mkono wake. Tangu hapo jina la mkwe likaanza kutajwa tena.

Safari hii ilikuwa mimba ya tatu, na mwezi wa nane ulikuwa umeingia. Mume alikuwa amepelekwa mashariki vitani, akipiga simu pale tu mtandao ulipopatikana. Badala yake alikuja mama yake kutoka Kasongo, mwanamke mwembamba wa maneno machache, akiwa na mkeka, tasbihi na kitabu kilichofungwa katika vitambaa vitatu.

Dada, ambaye huniita yaya, yaani kaka mkubwa, alinipigia simu.

"Yaya, mama mukwe anakuita. Anasema weye njo unajua kusoma Kiarabu."

"Nani alimwambia?"

"Minyi mwenyewe. Na weye unaambiaka kila muntu."

Nilikwenda siku ya Jumatano na diploma yangu mkobani. Mama mkwe alinikaribisha kwenye mkeka, akafungua kile kitabu kitambaa baada ya kitambaa. Kilikuwa kimenakiliwa kwa mkono na babu wa marehemu mume wake, wino mweusi na mwekundu, kutoka kwenye nakala ya mtu wa Nyangwe, kulekule Maniema, ambaye naye alinakili kwa mwingine. Asili yake, kwa maelezo ya ukurasa wa kwanza, ni mwanachuoni Mwarabu wa karne nyingi zilizopita. Nilikipekua. Kulikuwa na sura kuhusu uzito wa herufi, kila herufi na tarakimu yake. Vituo ishirini na vinane vya mwezi. Saa za sayari, ipi ya kuandikia mapenzi na ipi ya kufungia ulimi wa adui. Majina ya malaika niliyowahi kuyasikia na mengine yanayofanana nayo ila yanageuka mwishoni kwa namna iliyonisumbua. Kurasa nyingi zilikuwa na miraba iliyojaa tarakimu. Pembezoni, kwa wino mwekundu, mtu alikuwa ameandika mara nyingi sentensi ileile: asiye na idhini asiandike.

Nilijua kwamba mashehe wengi wanakikataza kitabu cha namna hii, na sikuhitaji kuuliza mama yangu angesema nini. Mimi mwenyewe nilijiona niko juu ya pande zote mbili. Kwangu yalikuwa ni maandishi, na maandishi ndiyo kazi yangu.

Mama mkwe alinionyesha ukurasa aliokuwa ameutia uzi. Ulikuwa na mraba mdogo kuliko yote, vyumba tisa tu. Yeye aliuita hatimu, yaani muhuri. Kwao, alisema, kila mwanamke aliyezaa kwa shida aliandikiwa huo mraba kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ukaoshwa kwa maji na maji yakanywewa. Aliyekuwa akiandika alishafariki. Yeye hakuwahi kujua kusoma.

"Uko na idhini?" aliniuliza.

"Nina diploma, mama."

Niliitoa nikampa. Juu ilikuwa na mstari wa Kiarabu, chini muhuri wa duara wa chuo wenye maandishi yaliyozunguka. Alipitisha kidole juu ya ule muhuri, akairudisha, akanitazama kwa heshima ambayo sikuwa nimeiona kwa mtu yeyote tangu nirudi Kamina.

"Iko na hatimu," akasema. "Basi ni idhini."

Nilijua tofauti. Idhini hutoka kwa mwalimu aliyepewa na mwalimu wake, kinywa kwa sikio, haitundikwi ukutani. Ilikuwa rahisi kumwambia. Lakini dada alikuwa ameketi pale, mikono juu ya tumbo, akinitazama kama siku zile nilipomfundisha kusoma kwenye kibao. Nikaomba sahani.

Niliandika vizuri, hilo nalisema bila aibu. Zafarani ilikuwa imetoka Kigoma, ndani ya kichupa kisichozidi kidole. Nilichora mistari minne bila kutetemeka, nikajaza vyumba: nne, tisa, tatu, mbili, tano, saba, nane, moja, sita. Kabla hawajaifunika sahani nikaipiga picha kwa simu. Ingekauka mpaka Ijumaa, na dada angekunywa asubuhi, kabla ya swala ya mchana.

Alhamisi yote niliwaonyesha wateja picha ile. Ijumaa, nilipofungua tu, akaingia mwalimu wa shule ya msingi tunayesali naye benchi moja, mwanamke ambaye hajawahi kuniita kwa jina la kawaida. Alileta maswali ya mtihani yatolewe nakala. Nikampa simu aangalie wakati mashine ikipata moto.

"Docteur, hizi ni nini?"

Nikamsomea tarakimu moja moja, nikimwonyesha kwa kalamu, nikamweleza juu ya kitabu, karne zake na wino wake mwekundu. Yeye aliandika tarakimu zile nyuma ya karatasi yake kwa tarakimu za shuleni, akaguna.

"Hii njo carré magique, muraba ya hesabu. Batoto ya cinquième minyi nabapatia kila mwaka. Kila laini inapashwa kutoa kumi na tano." Akaanza kujumlisha kwa ncha ya kalamu. "Ya juu, kumi na sita. Ya katikati, kumi na nne. Docteur, yako iko inakosa."

"Haiwezi kukosa. Nimenakili."

"Basi Mwarabu yako njo alikosa." Akacheka. "Geuza tatu na mbili, utaona."

Nikageuza. Kumi na tano, kumi na tano, kumi na tano, kila upande na pembe kwa pembe. Nilikuwa nimejifunza tarakimu za Kiarabu kwenye ankara zilizochapwa, na katika chapa, mbili ina ndoano moja kichwani na tatu ina ndoano mbili. Lakini anayeandika kwa mkono na kwa haraka huipa tatu ndoano moja tu, na mbili yake huwa mkato mtupu wenye pembe. Nilipoona ndoano moja nikasema mbili. Nilipoona mkato nisioufahamu nikasema, kwa kuwa kila tarakimu huja mara moja, hii iliyobaki lazima iwe tatu. Hakuna karani wa soko la Muskati ambaye angekosea hapo. Wala mtoto wa cinquième, darasa la tano.

"Docteur, mbona unatoka majasho?" aliuliza mwalimu.

Nilimpigia dada simu. Haikupita. Nikapiga tena, haikupita. Nikamwomba mwalimu abaki ofisini.

"Na mitihani yangu?"

"Bonyeza mwenyewe."

Nikapanda pikipiki ya kwanza niliyoiona. Njia nzima nilijiambia maneno yenye akili. Zafarani ni kiungo cha pilau. Tarakimu ni tarakimu. Mimba hazipotei kwa sababu ya hesabu, na zile mbili za kwanza zilipotea bila mtu kuandika chochote. Nikayarudia, na kila niliporudia nilimgonga dereva begani aongeze mwendo. Kilichonijia tena na tena ni ule wino mwekundu wa pembezoni. Kama mraba sahihi ni wa kufungua njia ya mtoto, uliokosewa ni wa nini? Kitabu kilikuwa na miraba ya kufunga pia. Sikuwa nimeisoma yote.

Kwenye kizuizi cha kambi askari kijana alitusimamisha.

"Unaenda kwa nani?"

"Kwa dada yangu. Nina haraka, tafadhali. Kuna jambo la dharura linalohusu afya yake."

Akamgeukia mwenzake. "Umusikie huyu. Anaongea sawa radio." Kisha kwangu: "Dharura njo nini?"

"Ni kitu cha mbio."

"Sema vile basi. Ulitoka wapi na hii Kiswahili?"

"Unguja."

"Na ku Unguja banakufundisha kutetemeka?"

Wakacheka, wakaandika jina langu polepole kwenye daftari, wakanirudishia kitambulisho. Nilitembea nusu ya njia iliyobaki na nusu nyingine nikakimbia, nikiwa na viatu vya ofisini, wake wa askari wakiinua macho kutoka kwenye mabeseni yao ya samaki.

Niliwakuta uani. Dada alikuwa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, kikombe mkononi. Mama mkwe alikuwa akisema dua kwa sauti ya chini, na kila aliponyamaza dada alikunywa funda moja. Sahani ilikuwa kando yao, nyeupe kabisa.

"Usinywe," nikasema.

Dada akashusha kikombe. Kilikuwa kimebaki nusu.

Nimeshawahi kusimama mbele ya maofisa wa forodha wa nchi mbili nikitetea hati zisizo zangu, sikushikwa na kigugumizi. Pale nilisema kwa vipande. Nilisema kwamba nilikosea, na kwamba mwalimu mmoja wa shule ameujumlisha mraba wangu, ambao kila mstari wake ulipaswa kutoa kumi na tano. Nilisema tarakimu mbili zimebadilishana mahali. Nilieleza ndoano na mkato, kisha nikaona kwamba nilikuwa ninajieleza badala ya kueleza.

Dada hakulia. Aliweka kiganja upande wa tumbo, akakisogeza chini, akangoja. Najua alichokuwa akikingoja.

"Anacheza?" nikauliza.

"Nyamaza, yaya. Niache nisikie."

Mama mkwe alichukua kikombe mkononi mwake.

"Idhini yako haikukufundisha hii?"

"Sina idhini, mama. Ile ni karatasi ya shule. Muhuri ule ni wa ofisi ya chuo."

"Siku ya kwanza ulijua?"

"Nilijua."

Alilipokea jibu lile bila kubadilika uso. "Na hii yenye alikunywa, iko nini sasa?"

"Ni maji na zafarani, mama. Hayamdhuru mtu."

"Maji na zafarani tu."

"Ndiyo."

"Kama ni maji tu," akasema, "juu ya nini umekuya na mbio?"

Nilitazama viatu vyangu vilivyojaa mchanga mwekundu.

"Anacheza," alisema dada. "Anacheza sana. Anapiga muguu."

Mama mkwe alifumba macho kidogo, kisha akaenda kumwaga yale yaliyobaki chini ya mpapai nyuma ya nyumba, mahali ambapo hakuna anayekanyaga. Aliporudi alikuwa na kitabu na kikapu cha mahindi makavu. Nilidhani ananifukuza ili aendelee na kazi zake. Badala yake alikaa, akafungua ukurasa wenye uzi.

"Mwalimu mwanamuke alisema kila laini iko kumi na tano?"

"Ndiyo, mama. Kila upande."

"Weye taja. Miye nitahesabu."

Nikataja kila chumba, safari hii nikiangalia ndoano kwa makini, naye akaweka punje za mahindi kwenye mkeka, mafungu tisa, matatu kwa matatu. Alipomaliza alijumlisha mstari wa juu kwa kusogeza punje kwa kidole, moja moja, akisema kwa midomo. Kumi na tano. Akazirudisha mahali pake. Mstari wa katikati. Kumi na tano. Alipofika pembe kwa pembe dada alikuwa amejisogeza naye anahesabu kwa Kiluba, na mimi nimepiga magoti, nikiwa na hofu kama ya siku ya mtihani kwamba nimekosea tena. Sikuwa nimekosea. Alihesabu yote mara mbili. Kisha akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Miaka yote nililinda hii kitabu," alisema. "Njo mara ya kwanza naisoma."

Siku ile hakutaka sahani nyingine. Alisema aliyekunywa ameshakunywa. Lakini aliniamuru nisome maandishi yaliyo chini ya mraba, nami nikasoma: kwamba mwanamke mwenye uchungu mgumu aandikiwe juu ya vitambaa viwili ambavyo havijaguswa na maji, avitazame, kisha viwekwe chini ya nyayo zake. Tulikata vitambaa kutoka kwenye nguo mpya nyeupe ya marekani aliyokuwa amejiwekea. Aliweka punje pembeni yangu, na kabla ya kila tarakimu alizihesabu, akasema idadi, ndipo nikaruhusiwa kuandika. Sijawahi kusimamiwa hivyo na mhakiki yeyote.

Tulipoagana dada alinishika mkono.

"Mama asijue."

"Sitasema."

"Na wateja?"

Nikatoa simu, nikaifuta ile picha mbele yake.

Majuma yaliyofuata sikuwa mtu wa kukaa naye. Nilijumlisha namba za pikipiki zilizopita, kurasa za hati za wateja, vioo vya madirisha ya stesheni. Simu ya dada ilipolia nilikuwa nimeshashika mkoba kabla sijasikia alichosema, na mara nyingi alitaka tu nimpelekee sabuni. Siku ambazo hakupiga nilijiuliza kama lile funda la kwanza, au la pili, lilikuwa linafanya kazi yake taratibu. Mwezi wa nane ukaisha. Mama aliwaambia wenzake wa kwaya kwamba Mungu amesikia, na mimi nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko kawaida yangu.

Uchungu ulimshika asubuhi ya Jumanne. Alipelekwa kwenye zahanati moja hapa mjini, na saa nne tulikuwa watatu kwenye benchi la ukumbini: mama na Biblia yake upande wangu wa kulia, mama mkwe na tasbihi upande wa kushoto, mimi katikati kama mpaka. Saa sita ikapita. Kutoka ndani tulisikia sauti ya dada, kisha hatukuisikia, na kutoisikia ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Mama aliacha kusoma akawa ameshika tu kitabu.

Muuguzi alitoka na vitambaa viwili vyeupe mkononi. Alikuwa na hasira.

"Hizi zilikuwa chini ya miguu ya mugonjwa. Banani banaleta mambo ya feticheur, ya baganga, humu ndani? Mugonjwa amekatala kusema."

Mama aliviona. Aliona mistari, tarakimu, wino wa manjano. Aligeuka kumtazama mama mkwe, na nikamwona akiandaa midomo. Mama mkwe hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kwenye tasbihi. Angelipokea lile neno la mchawi, najua. Alishazoea kuitwa majina katika mji huu.

"Ni vyangu," nikasema. "Minyi njo niliandika."

"Weye?" alisema mama.

"Mimi, mama. Kwa mkono wangu." Nikamgeukia muuguzi. "Havikuzuii kufanya kazi yako. Nakuomba uvirudishe vilipokuwa. Anavitazama, vinamtuliza."

"Na kama daktari ataniuliza?"

"Mwambie kaka yake ndiye aliyeandika. Mpe jina langu, ofisi yangu iko karibu na stesheni."

Muuguzi alinitazama, akamtazama mama, maana humu mjini kila mtu anamjua mama. Mama alifunga Biblia yake. Muuguzi akavikunja na kurudi ndani, na mlango ukafungwa.

Tulikaa. Nilisubiri mama aniulize, na nilikuwa nimepanga jibu refu lenye karne na wanachuoni ndani yake.

"Inasaidia?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ya kunong'ona.

"Sijui, mama."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu nirudi Kamina anisikie nikisema neno hilo. Alinisogelea kwenye benchi, akafungua Biblia, akaanza tena kusoma, midomo ikienda mbio. Upande wa pili tasbihi nayo iliongeza mwendo. Mimi sikuwa na cha kusoma. Nilihesabu kumi na tano, nikarudia, na nilikuwa katikati ya kurudia tena pale mtoto alipolia.

Ni wa kike, na mama yake ni mzima. Analia vizuri, kwa nguvu, na ana hasira kama muuguzi aliyempokea.